Msaada wenu: asasi ndogo ya wilayani inaweza kuomba hizi ruzuku za demokrasia na haki za binadamu?

Korosho_Nachi:
Wakuu heshima kwenu, niende moja kwa moja kwenye mada.

Tuna asasi yetu huku Nachingwea, Lindi, imesajiliwa ngazi ya wilaya, ripoti za mwaka tunapeleka kwa Msajili wa NGO na ada tunalipa, hatudaiwi. Kazi yetu kubwa ni kukaa na wananchi vijijini kuwaelewesha haki yao ya kusomewa mapato na matumizi, maana mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu ila kuna vijiji huku mwaka unakatika mtu hajasomewa hata mia, ukiuliza ushuru wa korosho umeenda wapi unaambiwa we mpinzani. Kuna kijiji kimoja akina mama walisimama na daftari la shule wameandika tripu za mchanga walizoona zinashushwa kwenye ujenzi wa darasa, wakalinganisha na tripu zilizosomwa kwenye taarifa ya kamati, hazikulingana hata kidogo, mkutano ukaahirishwa palepale na wiki iliyofuata lori likaja limejaa. Hiyo kazi tumefanya kwa nauli zetu na baiskeli, hatuna mfadhili, hela kubwa kuliko zote tuliyowahi kushika kwa mwaka ni milioni nne na kidogo, michango ya wanachama na mdau mmoja mtoto wa hapahapa.

Sasa kuna jamaa yuko Dar katuambia kuna ruzuku ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya demokrasia, mpaka dola laki tatu, yeye ataandika andiko tumpe milioni moja na nusu mkononi halafu hela ikitoka achukue asilimia kumi. Wenzangu macho yamewatoka. Mimi roho inasita ila sina hoja ya kuwaambia. Naombeni mwenye uzoefu: je hiyo hela tunaweza kuipata? Kama sio hiyo tuanzie wapi? Na je tukichukua hela za nje halmashauri watatuonaje, maana sa hivi angalau tunasalimiana.

kitimoto_plus:
Ngoja waje wajuvi, mimi nimevuta kiti.

Mzalendo wa Kweli:
Hela za mabeberu hizo bwana, leo wanakupa kesho wanakuambia cha kufanya. Hamkuona 2025 Januari kalamu moja tu Washington, misaada ikasimamishwa, mpaka Julai USAID yenyewe, shirika lao la misaada, imefungwa, watu walikuwa wanabadilisha magari leo wanauza mitumba. Kama kazi mnaipenda endeleeni na baiskeli.

Andiko_Mezani:
Mzalendo una hoja nusu, nusu nyingine ni gubu. Hela ya Marekani kusimama imeumiza kweli, na Uingereza nao Februari 2025 wakatangaza watashusha misaada yao kutoka asilimia 0.5 ya pato lao mpaka 0.3 ifikapo 2027, kwa hiyo mashirika makubwa yaliyokuwa yanakula meza kuu sa hivi yameshuka kugombania sahani zilizokuwa za wadogo. Hilo Korosho_Nachi ulijue kabla hujaanza, foleni imeongezeka. Ila kumwambia mtu aendelee na baiskeli we hujui kutoka Nachingwea mjini mpaka baadhi ya hivyo vijiji ni kilomita ngapi.

Nije kwenye swali. Huyo jamaa wa Dar anazungumzia UNDEF, mfuko wa demokrasia wa Umoja wa Mataifa, upo kweli, ulianzishwa 2005 enzi za Kofi Annan, na ni kweli wanatoa kati ya dola laki moja na laki tatu kwa mradi wa miaka miwili. Maombi yanatumwa onlaini, bure, Kiingereza au Kifaransa. Alichowaficha ni kwamba mzunguko mmoja unapokea maombi zaidi ya elfu mbili kutoka dunia nzima na wanaochukuliwa ni makumi machache, halafu dola laki moja ambayo ndio kiwango cha CHINI ni zaidi ya shilingi milioni mia mbili. Asasi iliyoshika milioni nne kwa mwaka ikiomba milioni mia mbili, msomaji kule New York hahitaji kufika ukurasa wa pili. Mfadhili anapima kwanza bega lako linabeba kilo ngapi, uzuri wa wazo anauangalia baadae.

Na hiyo asilimia kumi mwambie hapana. Hela ya ruzuku inatumika kwa kazi zilizo kwenye bajeti iliyokubaliwa na gharama za kuandika andiko kabla ya mkataba kwa wafadhili wengi hazilipiki, sasa hiyo kumi utaitoa wapi kama sio kughushi risiti? Milioni moja na nusu nayo atakula hata mkikosa, na mtakosa, yeye anajua mtakosa.

Mngekuwa ndugu zangu ningewaambia hivi. Tafuteni hela ya saizi yenu. Foundation for Civil Society ya Dar imekuwepo tangu 2002 na kazi yake ndio hii, inachukua hela kwa wafadhili wakubwa inaigawa kwa asasi za kiraia (AZAKi) za hapa nchini, na mambo ya kufuatilia matumizi ya umma, ile tunaita PETS, wameyafadhili miaka mingi wanayaelewa bila kuelezwa sana. Kama uongozi wenu una akina mama wengi angalieni Women Fund Tanzania Trust. Kama mna wasaidizi wa kisheria kuna LSF (Legal Services Facility), wanafadhili msaada wa kisheria, hao wapo tangu 2011. Ubalozi wa Kanada Dar una kamfuko kanaitwa Canada Fund for Local Initiatives, ukomo wake dola za Kanada laki moja ila miradi mingi inapewa chini kabisa ya hapo, hako kanafaa kitu kifupi cha miezi michache maana mwaka wao wa fedha unaisha 31 Machi na hela ya mwaka huo inatakiwa iwe imeshatumika, ukiomba mradi wa kubadilisha fikra za jamii kwa miezi sita watakucheka. Wote hao msisubiri mtu awaambie, ingieni kwenye tovuti zao wenyewe kila wiki, tangazo likitoka linakaa wiki chache linafungwa.

Kuna NED pia ya Washington, taasisi ya kufadhili demokrasia (National Endowment for Democracy), wastani wao ni kama dola elfu hamsini kwa mwaka, lakini hela yao inatoka bunge la Marekani na mwanzoni mwa 2025 ilizuiwa mpaka Machi wakaenda mahakamani kuidai. Msijenge nyumba hapo.

BintiMikindani:
Andiko_Mezani umesahau njia ambayo sisi wengi wa mikoani tumeingilia, hela ya Umoja wa Ulaya. Moja kwa moja huwezi, fomu zao peke yake mtu analia, lakini shirika kubwa likishinda linaruhusiwa kugawa sehemu ya ile hela kwa asasi ndogo, ukomo kwa kawaida ni yuro elfu sitini kwa asasi moja, na wengi wanatoa kidogo kidogo, milioni kumi, ishirini. Hapo hushindani na Nairobi na Accra, unashindana na wenzako wa Ruangwa na Liwale.

Ila sasa nikuchane ukweli dada au kaka Korosho. Haya mashirika ya mjini mengine yakikufuata kuwa mshirika uwe macho. Lilikuja moja huku kwetu, silitaji, likatuomba barua ya ushirika, wakaandika kwenye andiko lao kwamba sisi ndio tuna mizizi kwenye jamii, picha zetu wakazijaza mle ndani, hela ilipotoka tukageuka kuwa watu wa kukusanya washiriki ukumbini na kutafuta spika ya matangazo, basi. Mafunzo wanafundisha wao, hoteli wanalala wao, ripoti wanaandika wao, sisi tunapewa nauli ya bodaboda tunasaini. Kwa hiyo kabla hujatoa barua yenye muhuri wako dai kuiona bajeti, uone mstari wenye jina la asasi yako na kiasi chake, na kwenye zile gharama za uendeshaji uliza mnagawanaje, Ulaya wanaruhusu mpaka asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, kodi ya ofisi yako na vocha za mhasibu wako vinatoka hapo hapo. Wakikuambia tutaongea hela ikitoka, jua hamtaongea.

Mzalendo wa Kweli:
Si ndio haya nayosema mimi? Wanatumikishwa.

BintiMikindani:
Kutumikishwa na kusaini bila kusoma ni vitu viwili mzee. Safari iliyofuata tulidai mstari wetu na tukaupata.

Hesabu_Hazidanganyi:
Mimi nimekaa kwenye ukaguzi wa hizi asasi ndogo muda mrefu kidogo, naomba niongee kuhusu kitu ambacho watu hawapendi kusikia, karatasi.

Kuna faili nililiweka mezani la mafunzo ya siku tatu, washiriki thelathini. Karatasi ya mahudhurio siku ya kwanza thelathini, ya pili thelathini, ya tatu thelathini, kalamu ya bluu ileile, sahihi zote zimelalia upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, na namba tisa za simu hazikuwa na tarakimu kumi. Mafunzo yalifanyika kweli, nilipiga simu kwa waliopatikana wakanisimulia mpaka walichokula. Lakini siku ya pili mvua ilinyesha wakaja kumi na nane, mratibu akaogopa kurudisha posho ya watu kumi na wawili akidhani mfadhili atamuona ameshindwa kazi, akajaza mwenyewe. Posho ya watu kumi na wawili, hela ndogo tu, ila mfadhili alidai irudishwe yote ya siku ile na awamu ya pili haikuja. Angeandika kwamba mvua imenyesha wamekuja kumi na nane na salio hili hapa, kesi ingeishia kwenye barua ya aya moja.

Jingine ni chakula. Kijijini hakuna mwenye mashine ya EFD, mama ntilie anapika wali maharage wa watu thelathini hana risiti ya aina yoyote, mnafanyaje? Msiende kununua risiti mjini kwenye hoteli ambayo hamjala, mkaguzi akipiga simu hotelini mmekwisha. Andikeni kwenye mwongozo wenu wa fedha, bodi iupitishe kwenye kikao chenye muhtasari, kwamba manunuzi madogo ya vijijini chini ya kiasi fulani yatatumia hati ya malipo yenye jina la muuzaji, simu yake, alichouza, idadi, bei ya kimoja, sahihi au dole gumba, na shahidi, mtendaji wa kijiji anafaa. Halafu mwambieni mfadhili MAPEMA, kabla ya kusaini mkataba, kwamba huko ndio hali ilivyo. Wengi wanakubali. Wasichokubali ni kushtukizwa.

Na masurufu. Mtu kachukua hela ya kazi Ijumaa arudishe marejesho ndani ya siku mlizokubaliana, asipewe nyingine kabla ya kurejesha ya kwanza hata kama ni mwenyekiti, hasa kama ni mwenyekiti.

Kiwango cha dola nacho msikisahau, mkataba umeandikwa kwa dola, kazi mnafanya kwa shilingi, siku mnaandika bajeti dola ilikuwa bei moja siku hela inaingia benki bei nyingine, mnajikuta mmepungukiwa milioni mbili ambazo hakuna aliyeziiba. Wekeni kiwango cha chini kidogo kuliko cha siku hiyo.

Korosho_Nachi:
Aisee nashukuruni mno, hii nimeiprinti. Hesabu_Hazidanganyi hilo la hati ya malipo sisi tulikuwa tunaandika kwenye daftari tu. Sasa wakuu mmeniacha kwenye lile la halmashauri. Halafu kuna mwanachama anasema tuweke na elimu ya mpiga kura humo ndani ndio wazungu wanapenda.

Andiko_Mezani:
Elimu ya mpiga kura iacheni. Sio kwamba ni kosa, ina kibali chake kutoka Tume ya Uchaguzi, inaombwa kwa utaratibu wake na kwa muda wake, ukiiweka kwenye andiko kisha kibali kikakosekana nusu ya mradi wako imekufa na hela ya watu iko benki. Nyie kazi yenu ni mapato na matumizi, hiyo ni haki za binadamu tosha, ni demokrasia tosha, na mnayo ushahidi mkononi. Andiko zuri ni lile linaloeleza kitu mnachokifanya tayari na kuomba hela ya kukifanya kwenye vijiji kumi badala ya viwili. Watu wanaona tangazo linataja tabianchi wanaweka tabianchi, linataja dijitali wanaweka dijitali, mwisho unasoma andiko hujui asasi inafanya nini.

Mnaweza kuongeza kitu kimoja kinachoendana, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mwananchi akiandika maombi ya taarifa ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30, na watu wachache sana vijijini wanajua hilo. Wafundisheni akina mama wenu wa daftari kuandika hiyo barua, mhesabu barua zilizoandikwa, zilizojibiwa, zilizokaliwa kimya. Hapo umepata kiashiria cha mradi kinachohesabika, sio yale ya "uelewa umeongezeka kwa asilimia 80" ambayo kila mtu anajua yametoka hewani. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nayo, ile ya nne nne mbili, wanawake, vijana na wenye ulemavu, ni ya kufuatilia pia, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na watu wengi bado hawajui nani kapata na kwa vigezo gani.

mtendaji_mstaafu:
Kuhusu halmashauri niseme mimi maana nimekaa upande huo wa meza. Mtendaji haogopi hela yenu ya nje, anaogopa kushtukizwa mkutanoni mbele ya watu na mbele ya diwani. Kabla hata hamjaomba ruzuku nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, yeye ndio msajili msaidizi wa NGO kwa wilaya yenu, mwambieni tunataka kuomba kitu hiki, kazi ni hii, vijiji ni hivi. Halafu barua kwa Mkurugenzi Mtendaji. Wafadhili wengi wataiomba hiyo barua ya utambulisho kwa hiyo hamjapoteza muda. Mkipata hela rudini mkatoe taarifa, muwaalike kwenye uzinduzi, wapeni nakala ya ripoti. Sijasema muwaulize ruhusa ya kusema ukweli. Mchanga ukipungua semeni umepungua, ila mtendaji awe na hesabu zenu siku mbili kabla ya mkutano apate nafasi ya kujibu au kurekebisha. Wengi watarekebisha kimya kimya na kijiji kitapata darasa lake, atakayekataa basi mkutano upo.

Jambo lingine, mnasema mmesajiliwa ngazi ya wilaya. Basi mradi ubaki wilayani. Nimeona watu wanaandika "mikoa ya kusini" ili andiko lionekane kubwa, cheti chao hakiwaruhusu, na mkataba ukifika kwa Msajili unakwama hapo.

jirani_wa_Kwale:
Jamani nasoma kutoka Kenya na kicheko kinanitoka, ni yaleyale tu. Huku tulingoja sheria ya mashirika ya manufaa ya umma tangu 2013 ikaanza kutumika Mei 2024, na hata hivyo ukiuliza vikundi vya mashinani wengi hawajaelewa wanatakiwa kufanya nini. Hela nyingi za utawala bora kwa mashirika madogo hapa zimepitia mifuko ya Uraia na Amkeni Wakenya, zote mtindo ule ule, mkubwa anapokea, mdogo anapewa kipande. Uganda ndio waliumia zaidi, mfuko wao wa wafadhili wa utawala bora, DGF, ulisimamishwa na Rais 2021, ukarudishwa 2022 na mwisho wa mwaka huohuo ukafungwa kabisa, mashirika mengi yalikuwa yanategemea hapo pekee. Kwa hivyo Korosho, ukipata mfadhili mmoja anza kumtafuta wa pili siku hiyohiyo.

Korosho_Nachi:
Barikiweni wote. Tumekaa jana na wenzangu, jamaa wa Dar tumempigia tukamwambia asubiri kwanza, amekata simu. Swali la mwisho nisiwachoshe. Tukiomba milioni 15 tukapata, ule mkataba unatakiwa upelekwe Hazina na kwa Msajili au ni kwa hela kubwa tu? Na ukaguzi wa mahesabu wa nje tunautoa wapi sisi, hao wakaguzi bei zao si zitamaliza hela?

Hesabu_Hazidanganyi:
Kanuni za NGO za 2018 zinagusa fedha zinazozidi milioni 20, hapo ndio mkataba unapelekwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusaini, na siku kumi ni chache, watu wanasherehekea wiki nzima wanashtuka zimeisha. Milioni 15 iko chini, lakini itaonekana kwenye ripoti yenu ya mwaka na iandikeni kama ilivyo, pia angalieni kama mwaka huohuo kuna hela nyingine inaingia, msije mkajikuta mmevuka bila kujua. Na msikate mradi wa milioni 30 vipande viwili ili kukwepa, huo ujanja unajulikana.

Ukaguzi wa nje unawabana mkizidi hapohapo milioni 20 kwa mwaka. Chini ya hapo andaeni taarifa ya fedha yenu vizuri, stetimenti za benki zikiwa nyuma yake mwezi kwa mwezi, mweka hazina na mwenyekiti wasaini, mkutano mkuu uipitishe. Siku mkivuka, gharama ya mkaguzi iwekeni kwenye bajeti ya andiko toka mwanzo kama mstari wake, mfadhili anayeelewa kazi hakatai huo mstari, na mkaguzi awe mwenye leseni ya NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi, ombeni bei kwa watatu, Mtwara na Lindi wapo, sio lazima atoke Dar mkamlipie na hoteli.